Sauti Moja na Saa ya Kuona Wagonjwa

Mara ya kwanza nilipomsikia Sauti Moja akipiga muziki, nilimkatia umeme.

Sikuwa na nia mbaya. Mimi ndiye mtunza ukumbi, funguo zote kumi na tisa zinaning'inia kiunoni mwangu, na kazi yangu kubwa ni kuhakikisha jengo haliungui. Siku hiyo nilikuwa nafagia veranda nikasikia kinanda kimeganda kwenye sauti moja, hakipandi wala hakishuki, vile vyombo vya umeme vinavyolia kabla havijatoa moshi. Nikangoja aliyekigandisha akigandue. Wapi! Nikatupa fagio, nikaenda kwenye boksi la umeme, nikashusha swichi kubwa.

Ndani nikamkuta mwanamume wa makamo, mrefu, shati limefungwa vifungo mpaka kooni, amekaa mbele ya kinanda na mikono yake yote miwili iko mapajani. Juu ya kitufe kimoja cha kinanda alikuwa ameweka betri kuukuu ya redio. Betri ndiyo iliyokuwa inapiga muziki, yeye anaitazama.

"Kinanda chako kimeharibika," nikamwambia.

"Hakijaharibika, mama. Umekisikia kwa muda gani?"

"Saa nzima! Nusura kichwa kinipasuke."

Akatazama saa yake ya mkononi, akachomoa kidaftari mfukoni, akaandika. "Dakika tisa," akasema, na uso ukamchangamka kama mtu aliyepewa zawadi. "Ahsante sana. Umenisaidia kweli."

Nikasema moyoni, huyu hamnazo. Nikaenda kurudisha umeme.

Jina lake halisi liko kwenye daftari la kukodi ukumbi, lakini hakuna aliyelitumia. Kila mtu alimwita Sauti Moja, na yeye akaanza kuniita Mama Funguo. Kwa kazi alikuwa fundi wa vinanda na redio, anaishi peke yake kwenye chumba kilicho juu ya duka la matairi, kitanda kimoja, kiti kimoja, kikombe kimoja. Ujanani alizunguka na bendi ya dansi miaka ishirini, hoteli hadi hoteli. Kisha bendi ikafa, na yeye akasema amechoka kuwahesabia watu hatua za miguu.

Kila Jumamosi mchana alikodi ukumbi wangu na wenzake wawili. Mmoja alikuwa mwalimu wa hesabu aliyepiga fidla, mama mkimya mwenye miwani minene. Wa pili mchomeleaji mageti, ambaye chombo chake kilikuwa bati, analisugua kwa upinde wa fidla mpaka linalia. Muziki wao huwezi kuucheza, huwezi kuuimba ukiwa unaosha vyombo, huwezi hata kujua umeanza lini. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa, lakini huyu bwana alikuwa anaendesha onyesho zima kwa betri moja, hata kidole hakutumia.

Ilinichukua wiki kadhaa kuelewa kwamba kitu walichokuwa wanakipiga hasa ni muda wenyewe.

"Muziki wa dansi unamshika mtu mkono," alinieleza siku moja huku tukipanga viti. "Moja, mbili, tatu, nne. Hata kama hahesabu, mguu wake unahesabu. Ukimwondolea hiyo hesabu, hajui tena yuko wapi. Hapo unaweza kumrefushia dakika au kumfupishia."

Utaratibu wao ulikuwa huu. Saa ya ukutani inateremshwa na kufungiwa jikoni. Mapazia yanafungwa, mtu asije akasoma saa kwa jua. Mlangoni kuna kikapu, na kila anayeingia anaacha saa na simu yake humo. Mimi nakaa nje na saa ya Sauti Moja, naandika walipoanza na walipomaliza. Muziki ukiisha, kila msikilizaji anapewa kikaratasi chenye swali moja: umesikia dakika ngapi?

Wasikilizaji wenyewe walikuwa saba, mara nane, siku ya mvua wawili. Sauti Moja akiwapigia zile gonga-gonga zake, yaani bati linagongwa mara moja, halafu kimya, halafu unangoja ligongwe tena na halijulikani litagongwa lini, dakika kumi na mbili watu waliandika arobaini. Fundi cherehani wa mtaa wa pili aliandika: "Nimeingia nikiwa kijana." Hakurudi tena.

"Kwa nini unawatesa hivi?" nikamwuliza siku hiyo. Mimi jambo likinikera silimezi. "Watu wana shida zao, dakika zao zinawatosha. Wewe unawaongezea."

Alikuwa anakunja waya, akaukunja mpaka mwisho, akaufunga. Ndipo akaniambia habari za dada yake.

Dada yake ndiye aliyemlea. Wazazi walipofariki yeye alikuwa na miaka minne, dada kumi na sita. Alimbeba mgongoni, akamsomesha kwa cherehani, na kijana alipotaka muziki, dada akaiuza cherehani ile akamnunulia kinanda cha kwanza. Akaenda na bendi miaka ishirini. Akawa anatuma salamu tu kupitia watu. Dada hakuolewa, hakuzaa, alibaki na picha ya mdogo wake ukutani. Miaka miwili iliyopita alianguka bafuni, uti wa mgongo ukaumia, na kutoka shingoni kwenda chini mwili ukamgomea. Sasa alikuwa wodi ya wagonjwa wa siku nyingi, ghorofa ya pili, kitanda cha mwisho, uso umeelekea ukuta wa kijani. Simu ni marufuku wodini. Wageni wanaingia saa kumi jioni na kutoka saa kumi na moja, kengele kwa kengele.

"Juzi aliniambia mchana hauishi," Sauti Moja akasema. "Amehesabu vigae vya dari mpaka anavijua kwa nyufa zake. Mama Funguo, siwezi kumwinua yule. Siwezi kumponya. Lakini muda naujua. Nikipata namna ya kuufupisha, nitamfupishia siku zake, na hilo tu ndilo nililo nalo la kumlipa."

Mume wangu amekufa mwaka wa sita huu, watoto wako mbali na wanapiga simu Jumapili wakikumbuka. Mchana usioisha naujua. Tangu siku hiyo sikumdai tena kufagia baada ya mazoezi.

Kazi ya kufupisha ilimchukua miezi saba. Kurefusha ni rahisi, aliniambia; mfanye mtu angoje tu. Kufupisha kunataka mtu asingoje chochote. Akamrekodi mwalimu kwenye kaseti mbili, wimbo mdogo wa sauti nane, ule ule. Akaziweka kwenye redio mbili, moja akaikaza skrubu kidogo iende taratibu kuliko mwenzake. Zikaanza pamoja kama watu wawili wanaotembea, mmoja ana kidonda mguuni. Mwanzo husikii tofauti. Baadaye mmoja amebaki nyuma nusu hatua, halafu hatua, na katikati yao zinatokea nyimbo ambazo hakuna aliyezipiga. Hujui zimeanza lini. Ukija kushtuka, wale wawili wameshakutana tena na wanakwenda sawa.

Walijaribu ya nusu saa, watu wakaandika kumi. Akairefusha. Jumamosi moja akapiga ya saa nzima, na karatasi iliyozidi zote ilikuwa ishirini. Siku hiyo nami niliomba kuingia, yule mchomeleaji akakaa nje na saa. Niliandika saba. Nikatoka mwepesi, nafurahi kama mtoto, nikakuta sufuria langu la maharage limeungua mpaka limetoboka. Nilimsema Sauti Moja kwa lile sufuria jioni nzima, naye anacheka tu na kunishukuru.

Kikwazo kikawa mkuu wa wodi. Mama wa watu alikuwa na wagonjwa thelathini na wauguzi watatu, hakuwa na nafasi ya mizaha.

"Hapa si disko," alimwambia. "Kitu cha umeme hakilali wodini kwangu. Wewe mfanyie dada yako huo muziki wako saa ya wageni, nione kama unamfaa. Ukimfaa, tutaongea habari ya kukiacha."

Kwa Sauti Moja hayo yalikuwa maneno ya heri. Alinunua hedifoni mpya, akaunganisha kaseti zote mbili kuwa moja, akaikata iwe dakika hamsini na tano kamili. Akaniomba niende naye nishike saa, kwa sababu, alisema, macho yake yangekuwa kwa dada yake.

Tukaingia kengele ilipolia. Dada yake alikuwa amegeuziwa mlangoni na mito miwili. Uso mdogo, mifupa mitupu, lakini macho yake! Yale macho yalikuwa yameshatuona tangu tuko kwenye korido.

"Huyu ndiye Mama Funguo?" akasema. "Nimesikia ulimkatia umeme. Ulifanya la maana, mimi ningemkatia zamani."

Nikampenda pale pale.

"Kaeni, kaeni. Leo nina habari. Yule wa kitanda cha tatu, mumewe amekuja na mke mwingine, wote wawili, wakakaa hapo! Halafu mdogo wangu, kuna jambo jingine nataka nikuulize, nimeliwaza tangu jana, nikasema leo lazima..."

"Baadaye, dada," Sauti Moja akasema, tayari anafungua mfuko. "Kwanza sikiliza hii. Muda ni mfupi."

"Ni jambo dogo tu."

"Baadaye. Nimekuletea kitu kikubwa."

Akamtazama mdogo wake na ile hedifoni. Nadhani aliona jinsi alivyokuwa na hamu. "Haya," akasema. "Subira yavuta heri, wanasema. Mimi nimevuta mpaka kamba imekatika, lakini haya."

Akamvalisha. Akabonyeza.

Tulikaa pale dakika hamsini na tano. Mimi nilitazama saa, yeye alitazama uso wa dada yake. Mwanzo dada alikunja kipaji cha uso. Halafu kipaji kikafunguka, macho yakafumba, mdomo ukalegea, na sura yake ikarudi nyuma miaka mingi hata nikaona alikuwa msichana wa namna gani. Sauti Moja alikuwa anatokwa na machozi na kutabasamu kwa pamoja. Vitanda vingine watu walikuwa wanacheka, wanalishana, wanagombana. Zilipobaki dakika kumi, nikakumbuka lile jambo la dada. Nikamgusa Sauti Moja bega. Akaweka kidole mdomoni nisimharibie. Nikanyamaza, na mpaka leo sijajisamehe, mimi ninayejisifu kwamba silimezi jambo.

Kaseti ikaisha. Akamvua hedifoni taratibu.

"Dada, niambie. Umesikia dakika ngapi?"

Akafumbua macho. "Nzuri," akasema. "Nzuri sana. Mbona umeikata mapema?"

"Dakika ngapi?"

"Tano. Zikizidi sana, sita."

"Tano!" Alipiga kelele, wodi nzima ikageuka. "Mama Funguo, tano! Hakuna aliyewahi kuandika tano!" Akawa ananitikisa mkono. Dada yake akacheka naye, bila kujua anachekea nini.

"Haya, nimefurahi," akasema. "Sasa kaa nikuulize jambo langu."

Kengele ikalia.

Muuguzi akapita kati ya vitanda akipiga makofi. "Muda umekwisha, jamani. Wageni, tutoke."

"Umekwishaje?" dada akasema. "Hawa wamefika sasa hivi."

"Saa kumi na moja, mama yangu. Tazama mwenyewe." Akamgeuza kichwa kidogo aone saa iliyo juu ya mlango.

Aliitazama ile saa. Aliitazama kwa muda, kama mtu anayesoma barua ya lugha asiyoijua. Kisha akaanza kulia, na kwa kuwa hakuweza kujifuta, machozi yalishuka mpaka masikioni.

"Tangu jana," akasema. "Tangu jana saa kumi na moja nangoja. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu, nitaanza na hili, nitafuata na lile. Ni saa hii tu niliyo nayo. Mchana wangu wote mrefu ungenifupishia, nisingesema kitu. Umenichukulia hii?"

Sauti Moja alikuwa amesimama na kikaratasi mkononi, kalamu ameshaifungua. Akamwomba muuguzi dakika tano. Akamwomba mbili. Muuguzi hakuwa mtu mbaya, lakini akiruhusu mmoja ataruhusu thelathini. "Kesho, baba," akamwambia. Nikachukua kitambaa nikamfuta yule mama uso, nikamshika mdogo wake mkono, tukatoka.

Chini ya ngazi kuna benchi la saruji, karibu na tangi la maji. Akakaa hapo.

"Twende," nikamwambia.

"Nenda wewe. Mimi namngoja."

"Unamngoja mpaka lini?"

"Saa kumi."

"Saa kumi imepita, bwana."

"Ya kesho," akasema. "Yeye anangoja hivyo hivyo."

Nilikasirika. Nikamwambia aache utoto, dada yake hatapata faida yoyote akilala benchini, na mbu wa hapo wana njaa. Nikamwambia pia kwamba angemsikiliza tangu mwanzo tusingefika huku. Nikabeba mfuko wa vyombo vyake nikaondoka, nikaenda kwangu nikapika nikashindwa kula.

Kesho yake mchana nikarudi na chupa ya chai na mkate. Nilikuwa na hakika kwamba sitamkuta. Alikuwa pale pale. Vifungo vya shati vimefunguka viwili, ndevu zimemtoka, macho mekundu. Saa yake ilikuwa bado kwangu tangu jana, na mimi nilikuwa nimeisahau kabisa.

"Saa ngapi?" akaniuliza kabla ya salamu.

"Sita na robo."

"Haiwezekani," akasema. "Ilikuwa saa sita zamani sana."

Nikammiminia chai. Akaishika bila kunywa.

"Usiku nilihesabu matofali ya ukuta ule," akasema. "Nikayamaliza. Nikaanza kupanga nitakayomwambia. Nikayapanga mara nyingi mpaka yakaharibika, nikapanga upya. Halafu nikaanza kuogopa, je, kesho akiwa amelala? Je, akiwa amenuna? Miezi saba nakusanya vikaratasi vya watu, Mama Funguo, arobaini, kumi, saba. Hii sikuwa naijua. Nilidhani anasumbuliwa na muda mrefu. Kumbe alikuwa ananingoja mimi."

Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Sikumwambia hivyo; alikuwa ameshajiambia. Nilikaa naye. Sitadanganya, zile saa nne hazikwenda. Mara mbili nilitaka kuondoka nikafagie ukumbi.

Kengele ya saa kumi ilipoanza kulia tulikuwa tumeshasimama mlangoni, wa kwanza kabisa, mbele ya mabeseni na mabakuli ya watu wote. Akapanda ngazi mbili mbili. Mikono yake ilikuwa mitupu, na hakujua aiweke wapi.

Dada yake alikuwa amegeuziwa mlangoni na mito yake miwili. Akamtazama ndevu, akamtazama shati. Kengele ilikuwa bado inalia.

"Umechelewa," akamwambia.

Nilifungua mdomo nimtetee. Mtu amelala benchini, ameingia wa kwanza, amechelewaje? Lakini Sauti Moja alikuwa ameshavuta kiti mpaka magoti yakagusa kitanda.

"Nimechelewa, dada," akasema. "Miaka mingi. Niulize hilo jambo lako."

Yule mama akavuta pumzi, akaanza. Mimi nikatoka nje na kuteremka ngazi, kwa maana saa ile haikuwa yangu. Sikuwa na mtu wa kumngoja, lakini nilikaa pale benchini mpaka kengele ya pili.